Tatu na Nusu ya Wifi Yangu

Mimi sina ugomvi na wagonjwa. Niletee mgonjwa wa kweli, nitampikia uji, nitamkanda mgongo, nitakesha naye. Lakini mgonjwa wa aina ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, nilikuwa sijapata kumwona. Mwanamke mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, sauti ya kumwita muuza mkaa aliye mtaa wa pili na akageuka. Halafu mwombe akusogezee ndoo. Anashika kifua, anafumba macho, anakukumbusha kwamba damu yake iko chini.

Ugonjwa huo mimi niliukuta, haukuanzia mikononi mwangu. Alipokuwa msichana, na wanasema alikuwa akibeba majora ya kitambaa begani huku anaimba, alikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha nguo. Waombaji wote wakapelekwa kupimwa damu. Mashine ikatoa jibu lake: seli nyeupe, tatu na nusu. Pembeni ya namba kukawa na kishale kinachotazama chini, kwa sababu kwa mashine ile mtu mzima mwenye afya anaanzia nne. Tabibu akamweleza kwamba seli nyeupe ndio askari wa mwili, na yeye askari wake ni pungufu. Hakuwa tabibu mbaya. Alimwambia tu akapumzike, ale vizuri, arudi zikipanda. Kazi akapewa aliyemfuata kwenye foleni, na wifi akaenda kupumzika.

Basi alipumzika, jamani. Mimi naolewa, yeye anapumzika. Nazaa, anapumzika. Wanangu wanaanza shule, wanajua kusoma, wanajua kujibu watu wazima, shangazi yao bado anapumzika. Kazi yake ilikuwa kushona foronya za mito ya sofa kwa cherehani, kwa sababu kazi hiyo inafanywa umekaa. Vyombo hakuosha, maji yana baridi. Kufagia hakufagia, vumbi lina wadudu na yeye askari hana. Kwenye chungu, kipande cha kwanza cha nyama kilikuwa chake, na maini yakinunuliwa ni yake yote, sisi wengine tunachovya mchuzi. Mume wangu ukimgusia anakuwa mkali: "Dada yangu anaumwa." Mtaa mzima ulijua, na watoto wa mtaa walimwita Tatu na Nusu, na yeye akaitika.

Ajabu yake ni kwamba hakuwahi kuugua. Mafua yakiingia nyumbani yanampitia mume wangu, yanapitia watoto, yananilaza mimi siku nzima, yanamkumba hata mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja, yeye yanamruka. Nikamwambia siku moja kwamba hao askari wake wachache lazima wana silaha kubwa. Hakucheka. Alisema mgonjwa wa damu hatakiwi kutaniwa, na nikachemsha maji yake ya kuoga nikiwa nimenuna. Na mimi ni msusi. Nasimama kutwa nzima kwenye chumba cha mbele, vichwa vya watu mikononi, jioni naingia jikoni. Nilikuwa nikipanda ngazi tatu za duka la jirani nahema, na mara nyingine nashika ukuta hadi giza litoke machoni. Nilijua ni hasira. Ukikaa na mtu kama wifi hasira hazikosi.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja aliyempenda pamoja na kishale chake. Huyu ni fundi sofa wa mtaani kwetu, mwanamume mrefu, mpole, mjane asiye na mtoto, ambaye wifi alimshonea foronya miaka yote. Alikuwa analeta sponji na kitambaa mwenyewe, ingawa angeweza kumtuma mtu, na akishavileta haondoki. Anakaa kwenye kigoda anamwangalia wifi akishona. Alipoomba kumwoa mara ya kwanza, wifi alimjibu kwamba hawezi kumtia mtu ujane mara ya pili. Damu ikipanda, ikafika nne, atakubali siku hiyo hiyo. Fundi akarudi karakana, akamtengenezea sofa ya kupumzikia, ndefu, ya kitambaa cha kijani, ndani ameweka springi alizokuwa amezificha kwa ajili ya tajiri fulani. Akaibeba hadi kwetu. Tangu siku hiyo sofa ile hakuikalia mtu mwingine yeyote. Mwanangu aliwahi kuweka kitako kidogo tu pembeni, akasomewa risala.

Na kila wifi alipokwenda zahanati kupima, fundi alikuwa amesimama nje ya geti, kofia mkononi. Tatu na nusu. Tatu nukta sita. Tatu na nusu tena. Mwaka mmoja ilifika tatu nukta nane, na fundi akanunua viatu. Safari iliyofuata ikawa tatu nukta nne. Viatu vikarudi kwenye boksi.

Hadi siku alipokuja bila sponji. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akasema amepata karakana kubwa katika mji mwingine, mwenye nayo anastaafu na anataka mtu wa kumwachia. Mwisho wa mwezi anahama. Nilikuwa mlangoni na chanuo mkononi, mteja wangu ameachwa na nusu kichwa, na sikuona aibu kusikiliza. "Bibie," alisema, "mimi namba sina shida nayo. Nataka nijue tu kama nakodi chumba cha mtu mmoja au cha watu wawili." Wifi akaangalia sindano ya cherehani. Akasema ampe hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu safari hii atapanda. Fundi alipotoka nilimwambia wifi kwamba mwanamume wa hivyo akimponyoka, hata mimi nitamkana. Akanijibu kwamba mwenye askari kamili hawezi kumwelewa asiye nao. Nilirudi kumalizia kile kichwa nikasuka kwa nguvu mpaka mteja akalia.

Ndipo ulipokuja mradi wa damu. Mhudumu wa afya wa mtaa alipita nyumba hadi nyumba akieleza kwamba taifa linataka kujua damu ya mtu mzima mwenye afya inakuwaje, na kwamba kura imeangukia mtaa wetu pamoja na mitaa mingine kila pembe ya nchi. Wanataka watu wasioumwa, wasiotumia dawa, wasio wajawazito. Watatoa damu kidogo asubuhi kabla ya kula, na mkojo kidogo kwenye kikopo, basi. Mume wangu akauliza wanapata nini. Mhudumu akasema soda na biskuti. Wifi kwenye sofa yake nilimwona ameinua shingo. Mashine ya taifa! Kama kuna mashine itakayoiona hiyo nne, ni hiyo.

Mhudumu alieleza vizuri sana, tatizo ni masikio yetu. Mtaa mzima ulisikia neno moja tu: kupimwa. Na kwetu sisi kupimwa ni mtihani, na mtihani mtu hujiandaa. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyewasha moto. Alipita kwenye vibaraza akisema taifa linatuangalia, tusije tukaonekana mtaa wa watu wenye damu nyepesi wakati mtaa wa ng'ambo ya barabara nao umo kwenye kura. Kesho yake maini yaliisha buchani kabla ya saa mbili. Wanywaji wakaacha kunywa, wakawa wakali kwa wake zao. Watu waliokuwa hawajakimbia tangu shule wakaonekana asubuhi wakikimbia na kandambili miguuni. Na bitiruti! Mtu mmoja alisema bitiruti inaongeza damu, na hiyo rangi yake ikawa ushahidi tosha. Sokoni ikakosekana. Tulikunywa juisi ya bitiruti asubuhi, mchana na jioni, meno yetu yote yakawa mekundu, na wifi, ambaye kwa jambo hili alikuwa na uzoefu kutushinda wote, alikunywa jagi lake mwenyewe na juu yake chupa nzima ya dawa ya kuongeza damu.

Siku ya siku ikafika. Uwanja wa zahanati ulijaa watu waliovaa nguo za kutokea. Daktari wa mradi alikuwa mwanamama mwembamba, mpole, ana miwani inayoteleza puani. Alikuwa anahoji watu mmoja mmoja mezani, mabenchi yako palepale, na kila mtu anasikia jibu la mwenzake. Zamu ya wifi ilipofika watu wa mabenchini walisogea mbele. Maana hapa wanatakiwa wazima, na huyu ndiye mgonjwa wetu mkuu.

Daktari akamuuliza kama ana homa za mara kwa mara. Hana. Amewahi kulazwa? Hajawahi. Anakohoa? Hapana. Anapungua uzito? Hapo benchi la nyuma lilicheka, na wifi akageuka kuliangalia. Presha, kisukari, vidonda visivyopona, hakuna. Daktari akampima mapigo, akamkagua macho na shingo, akaandika, kisha akasema yuko sawa kabisa, asogee kwenye vikopo.

"Lakini mimi naumwa, daktari," wifi akasema. Ilimtoka tu. Nadhani miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia yuko sawa, na ilimuuma kama tusi.

"Unaumwa nini, mama?"

"Seli."

"Seli zinakufanyaje?"

Wifi akashika kifua, akakiachia. Nilimjua kwa muda mrefu na sikuwahi kumwona amekosa la kusema. Mwisho akataja namba yake. Daktari akatikisa kichwa taratibu, akasema namba siyo ugonjwa, na watu kama yeye ndio hasa anaowatafuta. Akaelekezwa kwenye vikopo.

Na hivyo vikopo ndivyo vilivyotuumbua. Msaidizi alitoka chooni na trei, akatembea hatua mbili, akasimama. Vikopo vyote vilikuwa na rangi ya waridi. Kingine cha waridi hafifu, kingine kimekolea kama sharubati ya sherehe. Daktari alisimama, miwani ikaanguka mezani. Akaamuru kazi isimame. Akamshika mume wangu begani akamuuliza tangu lini anakojoa damu, na anasikia maumivu wapi. Mume wangu alikuwa hasikii maumivu popote, lakini alipoulizwa hivyo akaanza kuyasikia, akashika kiuno, akakaa chini. Wengine wawili nao wakakaa. Msaidizi alikuwa ameshatoa simu kupiga makao makuu kwamba kuna mlipuko.

Mwalimu mstaafu akasimama, akanyoosha koti, akatabasamu na meno yake mekundu. Akasema daktari asiwe na wasiwasi, mtaa huu umejiandaa.

Sijapata kumwona mtu mpole akikasirika namna ile. Daktari hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alituambia hakutumwa kutafuta damu iliyovaa nguo za kutokea. Anataka damu yetu ya siku zote, ya mtu aliyekula alichozoea kula na kulala alivyozoea kulala. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Damu zote za asubuhi ile zikamwagwa, na tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili, tuishi kama tulivyokuwa tunaishi, na bitiruti tuziache shambani. Soda tulipewa. Tulizinywa kichwa chini.

Wiki mbili hizo zilikuwa ngumu kwa wifi. Kuishi kawaida kulimaanisha maini hakuna, dawa hakuna, na mwisho wa mwezi ndio huo. Alikuwa anashika kifundo cha mkono akisikiliza, kama vile askari wangegonga wakiingia. Mimi nilimhurumia, lazima niseme. Namtania, namnunia, lakini usiku nilimsikia akigeuka kitandani, na nilijua hawazi seli.

Tulirudi, safari hii na nguo za kushindia. Fundi naye kura yake ilikuwa imo, akafungwa mpira mkononi, akachomwa sindano, hata hakukunja uso. Wifi alipochomwa aliangalia damu yake ikipanda kwenye kichupa, akamuuliza daktari pale pale kama imefika nne.

Daktari akamwelezea kwa upole. Namba zilizo kwenye mashine, hiyo nne na mishale yake, zilikuja pamoja na mashine. Ni za watu wa nchi nyingine waliopimwa huko kwao, nao ni wazima kwa namna yao. Za kwetu hazijawahi kuandikwa. Kwa hiyo kwa sasa hawezi kumwambia iko juu au iko chini, maana cha kulinganishia hakipo hadi nchi nzima imalize. "Hatukupimi, mama," akasema. "Wewe ndiye kipimo."

Mtu mwingine angejisikia fahari. Wifi alitoka nje akamkuta fundi ameshika pamba mkononi anamsubiri, akamwambia majibu hayapo, itabidi angoje miezi kadhaa. Fundi akaitupa ile pamba. "Nimesubiri damu," alisema, "sasa nisubiri na taifa?" Hakusema kwa ubaya. Akavaa kofia. Siku tatu baadaye alipakia mbao zake na mashine yake kwenye gari, akampa wifi namba ya simu ya karakana mpya, akaondoka. Wifi alilala kwenye ile sofa ameangalia ukuta, na mimi nilitamani nimtikise, na nilitamani nimkumbatie, nikaishia kumpelekea chai.

Jumatatu yake simu ikapigwa kutoka maabara. Nilijua wanamtafuta wifi. Wakasema hapana, wananitaka mimi. Nilikwenda kwa miguu, nikapumzika njiani mara kadhaa, na daktari akaniketisha. Damu yangu mimi, ile nyekundu, ilikuwa imeisha. Akasema kwenye orodha ya wazima ameniondoa, na kwamba hii yangu haihitaji kusubiri kipimo cha taifa, ukiipima kwa rula ya nchi yoyote iko chini. Akaniuliza huwa nahema. Akaniuliza huwa naona giza. Nikasema ni hasira za nyumbani. Akasema nimepungukiwa madini ya chuma, akaandika dawa, akaandika nile maini, na akaniambia nipumzike.

Mnaona mambo hayo? Mtihani usio na kufeli, mtaa mzima umepita, na aliyefeli ni mimi.

Nilifika nyumbani nikasema. Mume wangu alitoa macho. Wifi alikuwa amelala, akainuka, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayekiona kitambaa chake kilichoibiwa kimevaliwa na mtu mwingine. Halafu akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba ile: wifi yangu anaosha vyombo. Aliviosha kwa maji ya baridi. Alifagia. Alibeba ndoo, moja kila mkono. Alinipikia maini, akasimama juu yangu hadi nikamaliza, na mume wangu alipochovya kidole kwenye sahani yangu alipigwa na mwiko. Nilimwambia atachoka, akumbuke damu yake. Akasema nikae kimya, mgonjwa haongei sana. Kitu kimoja tu hakunipa. Nilipotaka kujinyoosha kwenye sofa ya kijani alinizuia, akasema sofa ile ni ya seli nyeupe, wenye upungufu wa chuma wanalala kitandani.

Miezi ikapita hivyo. Mimi nikapata rangi, ngazi za dukani nikazipanda nikiongea. Yeye alibeba, alifua, aligombana na muuza mkaa, na hakuanguka. Nilimwuliza mara moja kwa nini hampigii fundi simu. Akasema atampigia amwambie nini, namba bado haijulikani, na mtu hawezi kupeleka mzigo wa magonjwa kwenye nyumba ya mwenzake. Alisema hivyo akiwa na gunia la mkaa kichwani. Kubishana na mtu huyo ni kutwanga maji.

Mradi ulipomaliza nchi nzima, daktari alirudi mwenyewe kutupa majibu, kwa sababu aliahidi. Watu walijaa uwanjani. Na nyuma kabisa, ameegemea geti, kofia mkononi, alikuwa fundi sofa. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, anasema na yeye alitoa damu, ana haki ya kujua. Miguuni alikuwa amevaa vile viatu vya boksi.

Daktari akaeleza kwamba namba za kwetu sasa zimepatikana, zimetokana na maelfu ya watu wazima waliopimwa kama tulivyopimwa sisi. Nyingine zinafanana na zile za zamani. Nyingine hazifanani. Seli nyeupe, kwa mfano, kwa mtu mzima wa hapa mwenye afya, hazianzii nne. Zinaanzia chini ya tatu. Akatafuta jina la wifi, akamwita.

"Tatu na nusu, mama. Uko katikati ya watu. Hukuwahi kuumwa."

Uwanja mzima ulishangilia. Mwalimu mstaafu alipiga makofi mpaka koti likafunguka. Wifi hakushangilia. Alisimama pale, mikono imening'inia, akamuuliza daktari kwa sauti ndogo: "Yaani mlikuwa mnanipima kwa futi ya mtu mwingine?" Daktari alisema ndiyo. Wifi akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Sasa wifi," akasema, "mimi nilikuwa napumzika nini?"

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la swali hilo, nimelinoa, nimelipanga na vituo vyake, nangoja tu siku ya kulitoa. Sikulitoa. Nilimwona yule msichana wa majora ya kitambaa, na foleni ya kiwandani, na aliyemfuata kwenye foleni. Nilimshika mkono na nikalia mbele za watu, mimi ambaye hata kwenye harusi yangu sikulia.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Jina lake lilikuwa limesomwa, akaja karibu akamwonyesha wifi jibu lake. Lake lilikuwa tatu nukta moja. Mtu aliyebeba makochi maisha yake yote, askari wake wachache kuliko wa wifi. Wifi aliisoma ile namba mara mbili. Akamwangalia fundi juu hadi chini, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kuona kama ana joto.

"Wewe ndiye wa kuangaliwa," akamwambia. "Hicho chumba umekodi cha watu wangapi?"

Fundi alisema cha wawili. Alisema alikodi cha wawili tangu mwanzo, akawa analipia upande wa pili uko mtupu.

Walikuja kuhamisha vitu vyake wiki iliyofuata, baada ya kuoana, na gari dogo la karakana. Wifi alibeba cherehani mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu. Sanduku la nguo, sufuria, mito, vyote vikatoka, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba nikijifanya natafuta kitu kilichosahaulika, kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama mahali pamoja. Mwisho fundi aliinama kushika sofa ya kijani.

"Hiyo inabaki," wifi akasema.

Fundi akauliza inabaki kwa nani.  Wifi aliniita, akanionyesha pale sofani kwa kidevu, akaniambia nikae. Nikamwambia nina vyombo. Akaniambia nikae. Nikamwambia nina kichwa cha mtu kinanisubiri chumba cha mbele. Akanishika mabega yote mawili, na nguvu zake mnazijua sasa, akanikalisha. Kisha akaninyanyua miguu akaipandisha, akaniwekea mto mgongoni, akatoka bila kuaga, maana tungeagana tusingemaliza.

Kumbe ile sofa ilikuwa laini hivyo. Miaka yote nilikuwa nikimlaumu mtu kwa kutoinuka, na mimi mwenyewe sikuweza kuinuka hata kwenda dirishani kuona gari likikata kona. Nilibaki nimelala, machozi yananiingia masikioni. Mume wangu aliporudi kutoka barabarani alinikuta hivyo, akashtuka, akauliza nina nini. Nikashika kifua, nikafumba macho, nikamwambia ni damu tu, na kwamba vyombo leo ataosha yeye.